Njumu Kumi na Tisa za Reijo

Reijo Keränen alikuwa na kipaji ambacho watu wa kijiji cha Haapavaara walikiogopa kidogo: alijua kusoma matairi. Ukimpelekea gurudumu kuukuu, hakukuuliza umetembea kilomita ngapi. Alipitisha kiganja juu yake, akatulia, kisha akakutolea siri zako mbele za watu. "Wewe unakata kona kabla hujapunguza mwendo," alimwambia mchungaji wa parokia mwaka juzi, "na karibu na mlango wenu kuna jiwe unalikwaruza kila jioni kwa upande wa kulia." Mchungaji alikuwa ameshamlaumu mkewe kwa mikwaruzo ile miezi mitatu mizima, kwa hiyo aliondoka kichwa chini.

Fundi huyu basi, mwenye miaka hamsini na miwili na mwili wa kutosha watu wawili, alikuwa na jambo moja lililomnyima raha kila mwezi wa Machi. Ni mbio za kuvuka ziwa. Watu hukusanyika kanisani upande wa pili, wanaanza saa sita mchana, na wana kilomita kumi na nane mbele yao: lami kwanza, halafu barabara ya msitu iliyomwagiwa changarawe, halafu njia ya theluji katikati ya misonobari, halafu kinamasi chenye vijia vya mbao, halafu mteremko mpaka ufukweni. Kutoka hapo ni barafu tupu, kilomita nne, mpaka kwenye ukumbi wa kijiji.

Sheria ni moja, nayo haina mjadala. Ufukweni inasimama bendera ya njano, na saa nane kamili inashushwa. Jua la Machi likishazidi, maji hutanda juu ya barafu, na watu wa uokoaji hawataki wakimbiaji waliotawanyika ziwa zima. Aliye nyuma ya bendera anapakiwa kwenye kigari kinachokokotwa na pikipiki ya theluji, anavushwa amekaa. Reijo alikuwa amevushwa hivyo mara sita, blanketi magotini, akiangalia visigino vya wenzake kwa mbali.

Na anayeishika saa, anayeishusha bendera, anayeiendesha ile pikipiki, ni Jaana, mke wake.

Jaana hakuwahi kumpa hata sekunde moja. Mwaka wa nne Reijo alichelewa kwa dakika moja na nusu tu, na mke aliishusha bendera mume akiwa anaonekana kabisa anavyohema mteremkoni. "Panda," ndilo neno alilosema, kama miaka mingine yote. Nyumbani waliwasha sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, wakakaa ndani, na habari ya mbio haikuguswa tena mpaka mwaka uliofuata. Jaana mwenyewe alishavuka mara tatu enzi za usichana wake, na jina lake limechomwa kwa chuma cha moto kwenye ubao wa ukumbini, mara tatu. Karibu kila mtu mzima wa kijiji yupo kwenye ubao ule. Reijo hayupo. Moyoni mwake alikwisha kuamua kwamba mkewe anamwonea aibu, na jambo kama hilo mtu haulizi, asije akajibiwa.

Kisha mwezi wa Januari chama cha kijiji kikatangaza: barafu si ile ya zamani, mwaka ujao njia itazunguka ziwa kwa nchi kavu. Ubao utafungwa. Atakayevuka Machi hii kavuka. Asiyevuka ndio basi tena.

Usidhani Reijo alikuwa hajajaribu. Tatizo lake lilikuwa viatu, na kwa viatu alikwisha kuhangaika kuliko bibi harusi. Mwaka wa kwanza alivaa raba za kawaida za mjini, akateleza kama mtu aliyekanyaga sabuni. Mwaka wa pili akavaa zenye meno marefu ya mpira. Kwenye theluji zilikuwa nzuri ajabu, lakini mbao za kinamasini zilikuwa zimefunikwa na barafu, naye akaanguka mara nne, mara ya mwisho akiwa amesimama tu. Mwaka wa tatu akafuata dawa ya wazee, akavalia soksi za sufu juu ya viatu. Zinashika barafu kweli, wazee si waongo. Ila theluji mbichi iliganda juu yake mpaka kila mguu ukawa na ukubwa wa mkate wa shayiri.

Mwaka wa nne ndipo alipofanya kosa ambalo ni fundi matairi wa huku tu angelifanya. Alichukua njumu, vile vipini vifupi vya chuma tunavyovitia kwenye matairi ya baridi, akazikaza kwenye soli nzima, mia moja na themanini kila kiatu, kwa mistari iliyonyooka. Kwetu gari likivaa njumu linavaa magurudumu yote manne, tena sawasawa. Ukichanganya, gari linazunguka kwenye kona na askari anakuandikia faini. Reijo alikuwa amewafukuza wateja kwa sababu hiyo miaka thelathini. Basi akavivika viatu vyake kama gari. Kwenye lami vililia kama droo ya vijiko inayoburutwa, soli zikawa ngumu hazikunjiki, na baridi ikapanda kupitia chuma mpaka vidole vikafa ganzi. Mwaka wa tano na wa sita alinunua viatu visivyopitisha maji. Maji yakaingia kwa juu, yakakaa humo humo.

Mwezi wa Februari karakana huwa imelala. Watu wameshavaa matairi ya baridi na wakati wa kuyavua haujafika. Siku moja Reijo aliamua kutupa ile takataka yote, akaleta jozi zote sita za viatu kwenye gunia na kuzimwaga juu ya meza ya kazi. Tuula Moilanen, mwenye karakana, mwanamke mwenye ulimi wa wembe, alikuwa anakunywa kahawa. Akaokota kiatu kimoja, akakipindua, akamsukumia fundi wake.

"Haya, mteja kaleta hivi. Nisomee."

"Tuula, sina nguvu ya utani leo."

"Mimi na mteja hatutaniani. Soma."

Reijo akakichukua kwa uvivu. Akapitisha kiganja. Akachukua cha pili, cha tatu, akavipanga vyote kumi na viwili matumbo juu, vya kulia upande huu, vya kushoto upande ule.

"Huyu anafunga breki," alisema polepole.

"Wapi? Kwenye mteremko?"

"Kila hatua. Angalia cha kulia. Kisigino kimekuwa kipara, ubavu wa nje umelika, na mbele hapa bado nembo ya kiwanda inasomeka. Viatu sita, mambo yale yale. Huyu anaogopa kuanguka tangu kanisani mpaka anapopakiwa."

"Na cha kushoto?"

"Cha kushoto kimeisha hapa kwenye dole gumba. Mguu huu anauburuta. Aliuvunja jeshini, ukaungwa, akajiambia umepona."

Tuula hakucheka. Kinyozi hajinyoi, ndivyo ilivyo: mtu alikuwa amesoma mwendo wa wilaya nzima na hakuwahi kupindua kiatu chake mwenyewe. Reijo alisimama pale, uso ukianza kuwaka. Aliiacha kahawa yake ikapoa, na huku kwetu mwanamume akiacha kahawa ipoe, ujue kuna jambo.

"Njumu zikae pale mguu unapotua," alisema. "Pale tu. Kulia kisiginoni na ubavuni. Kushoto mbele. Kwingine mpira mtupu, ushike theluji, unyamaze kwenye lami."

"Yaani kulia na kushoto visifanane?"

"Visifanane."

"Mungu wangu. Miaka thelathini unafukuza watu hapa wenye matairi yasiyofanana. Ungekuwa gari, Reijo, ningekunyang'anya namba."

Jumamosi hiyo hiyo aliendesha gari mpaka mji wa Kajaani, kwenye duka la viatu vya michezo. Aliyemhudumia ni dada mmoja mwenye nywele za bluu, mpole, aliyeanza kwa kumletea viatu visivyopitisha maji.

"Hivi ndivyo bora kwa baridi. Tone haliingii."

"Litaingia kwa juu, dada yangu. Mimi nataka likiingia lijue pa kutokea."

Akaletewa jozi nne za kitambaa chepesi, zenye meno. Reijo aliziminya soli kwa ukucha, moja moja, kama anayechagua parachichi sokoni. Mle ndani ya duka zote zilikuwa laini.

"Nataka kuzigandisha kwanza," alisema.

"Samahani?"

"Nje ni nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri. Tuziweke kwenye theluji nusu saa. Mpira wa kiangazi ukipata baridi unakuwa ubao, na ubao haushiki kitu. Tairi hivyo hivyo."

"Lakini hujazilipia."

"Basi toka nazo wewe. Mimi nitalinda duka."

Dada akamwangalia kuona kama ana wazimu. Akaona hana, au anao wa heri. Mwishowe walitoka wote wawili, wakakaa kwenye benchi la mlangoni, jozi nne zimepangwa kwenye theluji mbele yao, na wapita njia wakipunguza mwendo. Nusu saa ilipokwisha dada ndiye aliyeziwahi. Akakunja ya kwanza.

"Ubao," alisema.

"Ubao. Na hiyo?"

"Ubao pia. Hii nusu nusu. Hii..." Akaikunja mara mbili, akacheka. "Hii bado iko hai. Jaribu, jaribu mwenyewe."

Jozi iliyobaki hai ilikuwa ya waridi, rangi ya nyama ya samaki wa samoni, rangi ambayo hakuna mwanamume wa Haapavaara aliyewahi kuivaa mahali popote mwilini. Reijo aliinunua namba moja zaidi ya mguu wake, soksi nene ya sufu ipate kukaa na vidole vipate kucheza, maana kidole kilichobanwa huganda kwanza. Alirudi nyumbani akipiga mluzi kilomita tisini zote.

Karakanani alizikaza njumu kwa mkono, akipima kila moja, Tuula akimshikia taa. Kisigino cha kulia saba. Ubavu wa kulia tano. Mbele ya kushoto saba. Jumla kumi na tisa, dhidi ya mia tatu na sitini za zamani. Akavijaribu uani, akazunguka mapipa, akapita kwenye barafu ya mfereji, akarudi ana macho ya mtoto. Wala hakuweza kuficha. Alikuwa na furaha na alikuwa na hofu, na vyote viwili vilimfanya ale sana wiki hiyo.

Asubuhi ya mbio Jaana alipika uji wa shayiri, akatia siagi katikati. Viatu vilikuwa karibu na mlango. Aliviinua, akavipindua.

"Havifanani."

"Havifanani."

Alivirudisha chini na kumwongezea mumewe kahawa. Kisha akavaa koti la uokoaji, akachukua bendera na kutoka.

Saa sita kamili kengele ya kanisa ikalia, watu mia na zaidi wakaondoka. Lami ilikuwa kavu katikati na barafu kama kioo pembeni. Kiatu cha kulia kiligonga, cha kushoto kikakwaruza kidogo tu, na watazamaji wakasikia. "Reijo, farasi wako kapoteza kiatu kimoja!" alipaza mtu sauti. Reijo aliwapungia mkono, na kwa mara ya kwanza tangu aanze mbio hizi alikuwa na pumzi ya kucheka. Kwenye changarawe meno ya mpira yakashika. Msituni theluji ilikuwa laini juu na ngumu chini, na kila mguu ulipozama ulitoka bila kubeba kitu. Joto lilimpanda kifuani. Aliwaza, hivi kumbe ndivyo wenzangu wanavyokimbia, na karibu akasirike kwa ile miaka sita.

Kinamasini alifika saa saba na dakika thelathini na mbili, robo saa kabla ya kawaida yake. Vijia vya mbao viling'aa kwa barafu, upana wa mbao mbili tu, urefu wa kilomita nzima. Hapa ndipo alipokuwa akitambaa. Akaweka kisigino cha kulia. Njumu zikauma barafu, zikaingia mpaka kwenye mbao, zikakaa. Akasukuma kwa kushoto. Zikauma. Akaweka tena. Alikuwa anakimbia juu ya mbao, yeye Reijo Keränen, kilo mia na nne, wima. Aliwapita mke na mume wa mjini waliovaa viatu vya thamani kubwa na waliokuwa wakienda kwa kushikana mikono.

"Umevaa nini wewe?" mwanamume aliuliza.

"Matairi yasiyofanana," alijibu Reijo, akapita.

Lakini ukubwa wa mwili hauna siri. Mlima wa mwisho ulimla dakika, na alipofika kileleni saa ilimwonyesha saa nane kasoro dakika nne. Chini kule, mita mia tisa, ziwa lilikuwa jeupe lote, na ukingoni alama ndogo ya njano. Karibu nayo amesimama mtu mwenye koti la rangi ya machungwa, mkono mmoja kwenye kamba.

Reijo akaanza kuteremka, na baada ya hatua ishirini akagundua jambo la kutisha. Alikuwa anafunga breki. Mguu wenyewe, bila kuulizwa, ulikuwa unachomeka kisigino mbele, na zile njumu saba alizoziweka kwa mikono yake zilikuwa zinamshika vizuri mno. Alikuwa amejitengenezea breki bora kuliko zote wilayani. Kwa mwendo ule angefika saa nane na dakika mbili, salama, mzima, na angevushwa amekaa kwa mara ya saba. Ndipo alipoelewa kwamba viatu vilishamaliza kazi yao na kilichobaki ni chake. Akaegemeza kifua mbele. Akaacha kisigino kipite hewani, akatua kwa mbele ya mguu, pale ambapo nembo ya kiwanda haikuwahi kufutika, na mlima ukamchukua.

Alikuwa hajawahi kwenda kasi hivyo kwa miguu yake tangu jeshini. Mikono ilimtoka pembeni, machozi ya upepo yakamziba macho, na misonobari ikapita. Mara mbili alijua anaanguka, na mara mbili mguu wa kushoto, ule mbovu, ukauma ardhi ukamrudisha. Bendera ikawa kubwa. Akaona kamba. Akaona mkono wa Jaana umeinuliwa, na macho yake yako kwenye saa, hayamtazami kabisa. Akapita.

"Wa mia moja na kumi na nne," Jaana alisema akiandika, sauti ya karani. "Sekunde thelathini na moja zimebaki."

Kisha akahesabu zile sekunde mpaka ya mwisho, na akaishusha bendera. Wale wawili wa mjini walikuwa bado mlimani.

Kilomita nne za barafu Reijo alizipita kwa dakika arobaini, na hakuna mtu aliyewahi kufurahia dakika arobaini kama hizo. Maji yalikuwa yametanda mpaka kifundoni. Yaliingia viatuni na yakatoka. Jua lilimpiga usoni. Pande zote nyeupe, mbele ukumbi na moshi wake, nyuma mngurumo wa pikipiki ya theluji ambayo kwa sheria inamfuata mkimbiaji wa mwisho. Wa mwisho alikuwa yeye. Alikimbia, akatembea, akakimbia tena, na alipokanyaga ufukwe wa nyumbani, watu walioshika bakuli za supu ya njegere walizigonga kwa vijiko mpaka nyingine zikamwagika. Tuula ndiye aliyeshika chuma cha moto. Jina likachomwa kwenye pembe ya chini ya ubao, mahali pa mwisho palipobaki, na herufi zikatoka zimepinda kwa sababu Tuula alikuwa anapiga chafya za uongo kuficha machozi.

Wale wawili wa kigarini waliingia wakitetemeka, wakaenda moja kwa moja kwenye jiko.

"Yule dereva wenu ni mtu gani?" mwanamke aliuliza. "Tumemwomba asogee, tunaganda. Anabaki mbali nyuma ya mkimbiaji, anakwenda mwendo wa mazishi, na ukimsemesha hajibu."

Reijo akaweka bakuli chini na kutoka nje. Jaana alikuwa anafunika injini kwa turubai, amempa mgongo.

"Sheria inasema ukae mita hamsini nyuma ya wa mwisho," Reijo alisema. "Ulikuwa mita mia tatu."

"Miwani ya kuendeshea."

"Imefanya nini?"

"Iliganda kwa ndani. Ukilia humo inaganda, huoni kitu."

Reijo hakuelewa mara moja. Kwenye ndoa ya miaka ishirini na sita alikuwa amemwona mke wake akilia mara moja tu, kwenye maziko ya baba yake.

"Nilidhani unanionea aibu," alisema. "Miaka yote hii."

Jaana akageuka. Kope zake zilikuwa bado na barafu. "Aibu? Reijo, kila mwaka nasimama pale naiomba saa ikwame. Mwaka ule wa dakika moja na nusu nilikuona kabisa, na mkono wangu ulikataa, nikaulazimisha. Kwa sababu ningekuvusha kwa huruma, ungejua."

"Ningejua," alisema Reijo.

"Ungejua, na ungeniambia asante, na usingekimbia tena."

Reijo alivua glavu, akaushika uso wa mkewe kwa viganja viwili, akaanza kuyeyusha zile kope, ya kulia kwanza, halafu ya kushoto. Ndani supu ilikuwa inaisha, na watu waliwaona kupitia dirishani, lakini hakuna aliyethubutu kuwaita.